Kuovakloki desktopu ya bei nafuu kwenye joto la Kigoma: anza na upoozaji na umeme, prosesa ije baadaye

#1 Mleta uzi (Kigoma)

Wakuu, salaam kwenu.

Vijana wengi wa hapa Mwanga na Ujiji wananifuata wakiulizia kuovakloki mashine zao, yaani kuifanya prosesa ikimbie kuzidi kasi iliyowekewa kiwandani. Karibu wote wanaanza na swali moja: "Bro, ninunue prosesa gani?" Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi na send-off. Mashine yangu inakaa hewani saa kumi kwa siku, na msimu wa harusi inalala ikirenda, yaani ikitengeneza faili la mwisho la video. Kwa miaka miwili niliyohangaika nayo, nimejua kwamba huku kwetu swali la kwanza ni hili: chumba chako kinafika nyuzi ngapi saa tisa alasiri?

Changu kimeezekwa bati na hakina silingi bodi. Mwezi wa tisa nilitundika kipimajoto ukutani, usawa wa kesi ya kompyuta, kikasoma 33. Feni haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa ile inayoivuta, hata uinunue kwa bei gani. Sasa video nyingi za mafundisho mnazoangalia zimerekodiwa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Jamaa anakuonyesha prosesa ipo kwenye kazi nzito na inasoma 75, na wewe unaona mambo safi. Funga vifaa vile vile chumbani kwangu, ongeza zile 11 za tofauti ya chumba, tayari uko 86 na hujagusa kitu. Prosesa yangu ni Ryzen 5 2600, na mwisho wake kwa mujibu wa AMD wanaoitengeneza ni 95.

Mashine niliunga kidogo kidogo, vitu vingi vya mkononi kutoka Kariakoo. Nitawaeleza nilipopigwa, maana ndipo penye faida kwenu.

Mazabodi. Ndiyo bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Yangu ya kwanza ilikuwa ya chipseti A320, chipseti ikiwa ni ile chipu inayoamua bodi inaruhusu nini. Soketi, yaani pale prosesa inapokaa, ni AM4, prosesa iliingia, Windows ikawaka, nikafurahi. Nilipoingia BIOS, yaani mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka, kutafuta sehemu ya kubadili kizidishi (namba inayopanga kasi ya prosesa) sikuiona. Nilikesha nikidhani BIOS ni ya zamani. Haikuwa hivyo. A320 na mdogo wake A520 hazikupewa ruhusa ya kuovakloki prosesa, basi. Ryzen za AM4 karibu zote zimefunguliwa kizidishi, lakini ufunguo uko kwenye bodi: B350, B450, B550, au zile za X370, X470 na X570. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii bodi inakubali Ryzen zote", amejibu swali la soketi. Swali la chipseti liulize wewe.

Ukishapata B450, usikimbilie kulipa. Angalia pembeni ya soketi, upande wa kushoto na juu, pale vinapopangwa vidubwana vya mraba vya kijivu. Hapo ndipo volti 12 za pawa saplai zinapogeuzwa kuwa volti moja na ushee inayotumiwa na prosesa. Sehemu hiyo inaitwa VRM, na inapata moto kweli kweli. Bodi nyingine za B450 zimeachwa uchi pale, hazina hata kipande cha alumini. Kwa nyuzi 33 za chumba, bodi ya namna hiyo itaanza kuibana prosesa kabla prosesa yenyewe haijachemka, na utabaki unalaumu kipoozaji bure. Chagua yenye hitisinki juu ya VRM, hata kama haina taa za rangi.

Pawa saplai. Hapa ndipo roho inaniuma mpaka leo. Nilinunua pawa saplai mpya kwenye duka moja, imeandikwa 500W kwa herufi kubwa kama bango. Sikusoma jedwali dogo la ubavuni. Miezi mitatu baadaye, katikati ya kurenda, kukatoa mlio kama kibiriti, harufu ikajaa chumba, mashine kimya. Iliondoka na diski moja yenye harusi ya watu ndani yake. Kilichoniokoa ni kwamba kadi za kamera nilikuwa sijazifuta. Nilipoigeuza ile pawa saplai ndipo nikasoma: +12V, 15A. Zidisha: 12 mara 15 ni wati 180. Prosesa na kadi ya picha vyote vinakula kwenye hiyo laini ya volti 12, kwa hiyo nilikuwa na pawa saplai ya wati 180 iliyovaa nguo ya 500.

Wakuu, nawasihi: kabla ya kulipa, igeuze, tafuta mstari wa +12V, zidisha hapo hapo dukani kwa simu yako. Jibu likiwa mbali na namba ya bango, irudishe kwenye rafu. Mimi sasa natumia ya 550W yenye alama ya 80 Plus Bronze ya kutopoteza umeme mwingi, na laini yake ya volti 12 inabeba karibu wati zote hizo. Ni ya mkononi, ila nzito mkononi kama tofali, na uzito huo una maana.

Kipoozaji. Ryzen 5 2600 inakuja na Wraith Stealth, kile kifupi cha alumini. Kwa mashine isiyoguswa kinatosha. Kwangu, kasi ya kiwandani, alasiri, kazi nzito: nyuzi 84 mpaka 86, na feni inalia kama mashine ya kusaga. Ukiovakloki juu ya hicho unajitafutia matatizo. Nilihamia kipoozaji cha mnara chenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120, aina ya DeepCool Gammaxx 400. Hyper 212 ya Cooler Master nayo ni ukoo huo huo.

Kuna mtego hapo unaowakamata wengi wanaonunua bodi za mkononi. Vipoozaji vingi vya mnara vinashikilia kwenye yale mabano mawili meusi ya plastiki yanayokaa juu na chini ya soketi ya AM4. Wraith Stealth haitumii mabano hayo. Inafungwa kwa skrubu nne moja kwa moja kwenye bamba la nyuma, na anayeifunga lazima ayatoe mabano kwanza. Basi yanatupwa, au yanabaki kwenye boksi la mwenye bodi wa kwanza. Bodi yangu ilifika Kigoma imekaa uchi, kipoozaji kiko mezani, na hakuna pa kukishikiza. Wiki mbili nasubiri vipande viwili vya plastiki vije na basi. Muulize muuzaji akutumie picha ya soketi, uyaone mabano kwa macho yako, na bamba la nyuma pia liwepo.

Pima na kesi. Hyper 212 EVO ina urefu wa milimita 159. Kesi nyembamba za ofisini hazifiki hapo, mlango hautafunga. Rula ya shuleni inatosha: weka mguu wake juu ya prosesa, soma mpaka usawa wa mlango.

Sehemu ya volti nitaiendeleza chini, ngoja nimalizie kazi ya mtu. Karibuni kwa maswali.

#2 Mdau (Tabora)

Mkuu, uzi wa maana huu. Mimi niko Tabora, Cheyo. Nina Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, i5-4570, RAM 8. Nataka kuweka i7-4790K niiovakloki. Soketi ni ile ile LGA1150, nimeshahakikisha. Nikaze?

#3 Mleta uzi

Usikaze, mkuu. Intel ina masharti mawili yanayokwenda pamoja: prosesa iwe na herufi K mwishoni, na bodi iwe ya chipseti ya Z. Kwa ukoo wako wa LGA1150 hizo ni Z87 na Z97. OptiPlex 9020 ina Q87, bodi ya ofisini. Utalipia K na utaitumia kama isiyo na K.

Halafu usifikirie kuhamisha bodi tu. Hiyo 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kulisha bodi, ina yake ya pini 8. Kwa hiyo ukileta bodi ya Z97, pawa saplai inabadilika. Pawa saplai ikibadilika, kesi nayo inaanza kugoma, maana nyaya za kitufe cha kuwashia nazo ni za kwao. Ukimaliza umenunua kompyuta nyingine nzima na umebaki na boksi la Dell.

Ningekuwa wewe: tafuta i7-4770 au 4790 ya kawaida isiyo na K, inaingia hapo hapo. Ongeza RAM ya pili ya DDR3 ili ziwe mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, weka SSD, badilisha pesti ya prosesa, ile krimu ya kupitisha joto kwenda kwenye kipoozaji, maana iliyopo imekauka toka huko ilikotoka. Kama unataka michezo, weka kadi ya GTX 1650 ile isiyohitaji waya wa umeme, inakula wati 75 kutoka kwenye sloti. Ila kama yako ni ile kesi nyembamba, hakikisha kadi ni fupi ya kimo.

#4 Mdau (Tabora)

Aisee umeniokolea hela, asante sana kaka. Nilikuwa nimeshatuma nauli ya mzigo kwa mtu wa Dar.

#5 Mdau

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Kama joto ni kali hivyo, kwa nini usiache mashine kama ilivyotoka? Nyuzi 85 haziui Ryzen. Unahangaika kote huko kwa faida gani?

#6 Mleta uzi

Swali la haki, mkuu. Kwa mtu wa kuandika barua na kuangalia sinema, aache, wala asifungue kesi. Kwangu kuna foleni ya wateja, ndiyo maana.

Tuone hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa, ambao wote unageuka joto, unapanda sambamba na kasi, lakini kwa volti unapanda kwa mraba wake. Yangu ilikubali gigahezi 3.9 kwenye viini vyote kwa volti 1.25. Nikataka 4.1, ikaanza kuzima zima mpaka nilipoipa volti 1.40. Kasi imepanda asilimia 5. Joto je? 1.40 gawanya kwa 1.25, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe, kisha zidisha na ile asilimia 5: unapata kama 1.32. Yaani joto asilimia 32 zaidi kwa kasi asilimia 5 zaidi. Mtu wa Ulaya anafungua dirisha wakati wa baridi, anaimudu. Mimi nikifungua dirisha saa tisa naingiza moto mwingine.

Kwa hiyo nikarudi 3.9 na nikakaa hapo. Video ya saa moja ambayo zamani ilichukua dakika 52 sasa inachukua 46. Na sio prosesa peke yake iliyofanya hivyo: RAM zangu zimeandikwa 3000 lakini zilikuwa zinakimbia 2133, kwa sababu sikuwahi kuwasha XMP kwenye BIOS, mpangilio unaozipa RAM kasi iliyoandikwa. Mpaka leo nakutana na watu wana RAM nzuri na wanazitumia nusu. Ingieni BIOS mkaangalie usiku huu huu. Kama bodi ina sloti nne na RAM ni mbili, zikae ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

#7 Mdau (Kasulu)

Kaka, mimi nachora ramani za nyumba, mashine yangu inachemka sana wakati wa kutoa picha za 3D. Nimeona vipoozaji vya maji vya mkononi kwa bei nzuri. Je, havifai zaidi kwa joto letu?

#8 Mleta uzi

Dada, maji hayo nayo yanapozwa na hewa ya chumba hicho hicho, yanapita tu kwenye rejeta kabla ya kurudi. Hayawezi kushuka chini ya joto la chumba chako. Yanasaidia prosesa kubwa zenye moto mwingi. Kwa prosesa ya wati 65 mnara unatosha.

Kinachonitisha mimi ni pampu. Kipoozaji cha maji cha mkononi hujui pampu imefanya kazi miaka mingapi, na ikifa, prosesa inapanda kwa sekunde chache mpaka mashine inajizima. Kifaa kizima unatupa. Mnara una kitu kimoja tu kinachokufa, feni, na feni ya milimita 120 utaipata hata kwa fundi wa hapo Kasulu. Ukiikosa kabisa, unaweza kufunga feni ya kesi kwa vibanio vya plastiki na kazi ikaendelea.

Ushauri mmoja: ukiagiza mashine nzima kutoka Dar, mwambie muuzaji autoe mnara na kuufunga peke yake. Njia ni zaidi ya kilomita 1,200. Kitu kizito kilichoning'inia kwenye bodi safari nzima kinaweza kuikunja au kuipasua.

#9 Mdau (Kigoma)

Mkuu, msaada wa haraka. Nimetoa kile kipoozaji cha AMD nibadilishe pesti, prosesa imeng'oka nayo! Imeganda chini ya kipoozaji na naona pini kama nne zimelala. Mikono inatetemeka hapa. Nimeua?

#10 Mleta uzi

Hujaua, tulia. Weka chini kila kitu. Wengi imewakuta, kwa sababu soketi ya AM4 inaishika prosesa kwa pini tu, haina kifuniko cha chuma juu kama Intel, na pesti iliyokauka inashika kuliko soketi.

Kuitenganisha: usichokonoe na bisibisi. Chukua uzi wa kusafishia meno, pitisha katikati ya chuma cha prosesa na kipoozaji, vuta kama unakata sabuni. Ikigoma, pasha kipoozaji kidogo kwa drai ya saluni, kisha jaribu tena. Shika prosesa kwa kingo zake, pini usiziguse.

Pini: tafuta ile penseli ya kubonyeza ya risasi nyembamba, toa risasi yote. Ule mdomo wake wa chuma ulio na tundu unaivaa pini moja kama kofia. Inua taratibu, angalia kwa usawa wa macho kwenye mistari yote miwili, wima na mlalo, dhidi ya zenzake. Usiirudishe na kuipeleka mara nyingi, chuma kitachoka kikatike. Ukimaliza, inyanyue komeo la soketi na uidondoshe prosesa, iingie kwa uzito wake yenyewe. Ukihitaji kuisukuma, bado kuna pini iliyopinda.

Na siku nyingine, kabla ya kutoa kipoozaji, iwashe mashine uipe kazi nzito dakika kumi pesti ilainike. Zima, chomoa waya, kisha kizungushe kipoozaji kushoto na kulia kwanza mpaka usikie kimeachia, ndipo unyanyue.

#11 Mdau (Kigoma)

IMEINGIA MKUU. Imewaka! Mungu akubariki. Penseli nimeazima kwa mdogo wangu wa sekondari.

#12 Mdau (Tabora)

Na vumbi je? Huku kwetu kiangazi vumbi halina adabu, nasafisha leo wiki ijayo limejaa tena.

#13 Mleta uzi

Vumbi ni adui mkubwa kuliko jua. Panga feni ili hewa inayoingia izidi inayotoka: mbili mbele zinavuta, moja nyuma inatoa. Hewa ikizidi ndani, inatokea yenyewe kwenye matundu na vumbi halifyonzwi. Kisha zile mbili za mbele uzivishe soksi nyepesi za kike, imevutwa ikakaza. Unaivua, unafua, unarudisha. Chandarua hakifai, matundu yake ni makubwa.

Kwangu kulikuwa na jambo la ziada. Dirisha langu linatazama banda la chipsi. Mvuke wa mafuta ulikuwa unaingia na kugandisha vumbi kwenye mapezi ya kipoozaji, likawa kama blanketi. Kupuliza hakukutoa kitu, ilibidi niutoe mnara, nitoe feni, niuoshe kwa mswaki na maji ya sabuni, niukaushe juani siku nzima. Nyuzi 9 zilishuka kwa kazi hiyo tu. Nikahamishia meza ukuta wa pili.

Ukitumia blowa, pulizia nje ya nyumba, na shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Yakikimbizwa na upepo kupita kiasi yanaharibu mhimili.

Sasa namalizia sehemu ya volti niliyoahidi. Kama utapandisha toleo la BIOS kwanza, fanya hivyo mashine ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, bodi haiwaki tena mpaka ipate fundi mwenye kifaa cha kuiandika upya. Kisha weka volti 1.25 kwa mkono, usiiachie bodi ichague, huwa inajipa nyingi. Anza gigahezi 3.7, panda kwa 0.1. Kila hatua piga Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, mara tatu huku HWiNFO ya kusoma joto iko wazi pembeni. Ikizima au kutoa skrini ya bluu, rudi hatua moja. Ikigoma kuwaka kabisa, toa betri ya bodi dakika chache, irudishe. Kwa Ryzen za kizazi cha kwanza na cha pili mimi sivuki 1.35 kwa matumizi ya kila siku.

Ukishapata pa kukaa, piga OCCT, programu ya kupima uimara wa mashine, nusu saa. Na hiyo nusu saa iwe alasiri. Watu wengi hapa wanapima saa mbili asubuhi, hewa bado imepoa, mashine inasoma 62, wanashangilia. Saa tisa inazimika mteja akiwa amekaa kwenye kiti anasubiri flashi yake.

#14 Mdau

Mimi niliyebisha kule juu. Nimewasha XMP tu, sijagusa kingine, nimeona tofauti. Sasa kwa alasiri ya leo yako inasoma ngapi, mkuu? Tupe namba za ukweli.

#15 Mleta uzi

Saa tisa na nusu hii, narenda send-off ya Katubuka. Chumba 32. Gigahezi 3.9, volti 1.25, prosesa 71, feni naisikia kwa mbali tu. Imebaki dakika kumi na mbili, mama mwenye shughuli yuko njiani anakuja kuchukua.